Siku Niliyowashusha Njia ya Mtoni

Wiki iliyopita nilikabidhi funguo za kabati la dawa, begi la huduma ya kwanza na filimbi yangu ya plastiki. Binti anayechukua nafasi yangu aliniuliza kama kuna mwongozo ulioandikwa wa zile safari zetu za kutembea msituni. Nikamwambia upo, uko kichwani kwangu na magotini. Alicheka, lakini niliona kalamu yake imebaki hewani ikisubiri. Basi naandika. Habari za vyeo sitazigusa, kwa kuwa vilikuwa vichache na vilichelewa. Majina ya wagonjwa nimeyabadilisha. Huyu nitakayemwita Bakari alijichagulia mwenyewe jina hilo, akasisitiza kwamba liandikwe vizuri.

Nilianza uuguzi katika wodi ya afya ya akili, msichana aliyeletwa Pwani kutoka Shinyanga, nisiyejua hata kama bibo la korosho linaliwa. Siku yangu ya kwanza mgonjwa mmoja alinitazama kuanzia kofia hadi viatu, akauliza, "Wewe nesi ni mgeni au umepotea?" Nikamjibu kwamba yote mawili. Alinionyesha mlango wa stoo, na huo ndio ukarimu wa kwanza nilioupata kazini. Nilikaa wodini miaka mingi kabla ya kuhamia nyumba ya nafuu pale Visiga, ile ambayo mtaani wanaiita soba.

Soba ilikuwa na vyumba vinne, ua wenye mwembe mmoja mkaidi usiozaa, na ukumbi wa mazungumzo wenye viti vya plastiki vilivyopangwa duara. Wanaume waliletwa na mama zao, wake zao, wakati mwingine na mwenyekiti wa mtaa. Wapo waliokuwa wakitumia unga, wapo wa pombe, wapo waliochanganya kila kitu. Kila asubuhi tulikaa kwenye lile duara, nami nikauliza, "Nani anataka kuanza?" Hakuna aliyetaka. Walitazama sakafu. Naifahamu sakafu ile vizuri, ilikuwa na ufa uliopinda kuelekea jikoni.

Mambo yalibadilika kwa sababu ya kopo la rangi. Tulikuwa tunapaka ukuta, rangi ikaisha, nikaamua kwenda kununua Kwa Mathias. Gari halikuwepo. Nikamchukua kijana mmoja anibebee, tutembee mpaka tupate usafiri. Kijana huyo, nitamwita Chidi, alikuwa amemaliza wiki sita kwenye duara bila kusema zaidi ya "fresh tu, Sista." Hatukupanda chochote. Tulipofika dukani alikuwa amenieleza habari za marehemu baba yake, habari za siku ya kwanza alipobwia unga, na jinsi arosto, yale maumivu ya kuukosa unga, inavyouma kwenye mifupa. Aliongea akitazama mbele, mimi pia nikitazama mbele. Hakuna aliyemtazama mwenzake usoni, na ndiyo siri yenyewe. Rangi niliyonunua ilikuwa siyo.

Tukaanza kutembea kila Jumanne na Ijumaa. Mwanzo tulizunguka njia za mashamba na viwanja kule Picha ya Ndege. Niliwapanga mstari mmoja, nikawahesabu kwa sauti kila tulipovuka barabara, "moja, mbili, tatu," jinsi nilivyozoea wodini. Siku ya tatu mama mmoja muuza maandazi aliniita pembeni akaniuliza kwa huruma hawa wafungwa wamefungwa kwa kosa gani. Chidi alisikia. Akasema, "Mama, sisi tumejifunga wenyewe, huyu ndiye katuazima nje." Walicheka wote isipokuwa mimi. Tangu siku hiyo nikaacha mstari, na kuhesabu nikahesabu kimyakimya.

Mtu aliyenifundisha kutembea ni Afande Pazi, askari wa misitu kule Kisarawe, mzaliwa wa hukohuko, mbishi, mwenye mdomo. Tulipoanza kwenda Kisarawe kwa gari dogo la soba, tukipitia Kiluvya, yeye ndiye aliyetupokea chini ya vilima. Alitazama miguu yetu kwanza. Watano walikuwa na kandambili, wawili yeboyebo, na mimi viatu vyangu vyeupe vya wodini. "Sista Feli," akasema, "umekuja kupanda kilima au kuchoma sindano?" Akaturudisha. Kweli, alitugeuza, tukaenda nyumbani bila kukanyaga msitu. Wiki iliyofuata tulikuja na katambuga na raba za mtumba.

Mambo aliyonifundisha Pazi ni machache na yote nimeyatumia. Anayechoka haraka atangulie, wengine wafuate mwendo wake, maana ukimwacha nyuma atabaki na mawazo yake peke yake. Maji kila mtu abebe yake. Chakula kiwe viazi vitamu vya kuchemsha na chumvi kidogo, biskuti huishia njiani. Usihutubie kwenye kilima. Nilikuwa nimetoka kwenye semina ambako tulifundishwa kwamba mazingira asilia hupunguza msongo wa mawazo, nikawa nataka kuwaeleza watu jambo hilo tukiwa tunapanda. Pazi akaniuliza, "Hivi wewe ukila wali, unauelezea kwanza?" Nikaacha kuhutubia. Nilichokiona kwa macho yangu ni kwamba mtu aliyepanda kilima mchana, usiku alilala, na mtu aliyelala, kesho yake aliweza kukaa na hamu yake bila kuvunja mlango.

Niseme na hili, maana ninyi vijana mnadhani msongo ni wa wagonjwa tu. Kuna mwaka nilizika wagonjwa watatu. Nilikuwa narudi nyumbani nakaa jikoni na mkoba begani, sijavua viatu, mpaka binti yangu aniulize kama nimefika au naondoka. Vilima vile viliniokoa mimi kabla ya wagonjwa. Sikuwaambia, nikajifanya naenda kwa ajili yao.

Sasa nifike kwa Bakari.

Alikuwa mkulima wa mpunga kutoka karibu na Mlandizi, mtu wa makamo, mpole, mwenye mikono mikubwa asiyojua pa kuiweka. Gongo ilikuwa imemkalia miaka kumi na zaidi. Mkewe ndiye aliyemleta. Siku ya kumwandikisha, mke huyo aliniambia jambo moja tu la maana: binti yao Mwanahawa ameposwa, ndoa imepangwa baada ya miezi mitatu. Baba ndiye wali wake, ndiye wa kumwozesha. Lakini ukoo umekaa, na Mwanahawa mwenyewe ametamka mbele ya wazee, kwamba baba akigusa pombe hata tone kabla ya siku hiyo, baba mdogo Shabani atasimama badala yake.

"Hakusema kwa hasira," mama akaniambia. "Angesema kwa hasira ningejua pa kuanzia."

Bakari alikuwa amekaa hapo anasikiliza. Akasema, "Mtoto yuko sawa." 

Miezi ile mitatu alitembea vizuri kuliko wote. Mwanzoni mikono ilitetemeka mpaka akashindwa kumenya kiazi, Chidi akawa anammenyea. Mwezi wa pili alianza kutaja majina ya miti. Mwezi wa tatu alikuwa anacheka. Zikabaki siku tisa kufika ndoa, na ni siku hiyo ndipo nilipofanya kosa kubwa kuliko yote ya maisha yangu ya kazi.

Ilikuwa msimu wa korosho. Jua kali. Afande Pazi alikuwa msibani, na mimi badala ya kumpigia simu kumuuliza njia, nikajiona mwenyeji. Njia yetu ya siku zote ilipanda kilima. Nyingine ilishuka upande wa pili, kupitia mashamba ya mikorosho pembeni ya msitu hadi kwenye kijito. Ilikuwa na kivuli. Nikasema leo tunashuka, tutapumzika mtoni; dereva akatushusha upande huo, akaenda kuegesha mbali kivulini. Ukweli ni kwamba magoti yalikuwa yananiuma, lakini sikusema hivyo, nilisema ni kwa ajili ya kubadilisha mazingira.

Tulikuwa tisa, mimi na wanaume wanane. Katikati ya mikorosho Bakari akasimama. Na wengine wakasimama.

"Sista," akasema, "naomba turudi."

"Umechoka?"

"Hapana."

"Unaumwa?"

"Hapana, Sista. Turudi tu."

Ninyi mlio kazini mnajua tulivyofundishwa. Mtu anayekaribia jambo kubwa huanza kutafuta visingizio, na muuguzi mzuri hayumbi. Nami nilikuwa muuguzi mzuri. Nikatoa ile sauti ya wodini. "Bakari, tumetoka mbali. Dakika kumi tu tumefika. Usianze kukata tamaa leo."

Hakubishana. Mtu aliyeitwa mlevi miaka kumi hasumbuki kubishana. Alisogea pembeni, akanipisha nipite, wengine wakanifuata. Nilijisikia nimefanya kazi yangu barabara.

Hatua mia mbili mbele nikaisikia harufu. Mabibo yaliyochacha, harufu tamu inayoingia mpaka kooni. Pua yangu ya Shinyanga ilichelewa. Wao walikuwa wameinusa zamani, ndiyo maana walisimama. Nilipogundua hivyo tulikuwa tumeshatokea kwenye kijito, na pale penye kivuli kizuri ulikuwepo mtambo wa gongo: pipa juu ya mafiga, bomba limepitishwa majini, chupa inapokea matone upande wa pili. Wapishi walikuwa wawili, mwanamume na mama mnene aliyefunga kanga kifuani. Mama akatuona, uso ukamchangamka.

"Karibuni jamani! Mbona kundi zima leo? Nani kawaelekeza?" Akachota kikombe. "Onjeni kwanza, ya leo imetoka safi."

 Nilikuwa nimewaleta wagonjwa wangu wenyewe, kwa miguu yao, kwa amri yangu. Nikafanya kitu pekee kilichonijia. Nikapuliza filimbi ili kuwakusanya watu wangu.

Sikufikiri filimbi msituni inamaanisha nini kwa mpika gongo. Yule mwanamume aliruka kijito kwa hatua moja. Mama alitupa kikombe, akakusanya kanga, akatimka kwa kasi ambayo mwili wake haukuashiria, akipiga kelele, "Doria! Doria!" Tukabaki sisi, pipa linachemka, chupa inajaa, na mwenyewe hayupo.

 Nilisikia matone yakidondoka. Wanaume wangu walikuwa wanatazama ile chupa, na mimi nawatazama wao.

Chidi ndiye aliyeanza. "Sista," akasema kwa sauti iliyokauka, "huu sasa ni mtihani wa taifa, na msimamizi katoka."

Mmoja akacheka. Halafu wote wakacheka, kicheko cha ajabu, cha watu wanaotetemeka.  Nikasema geukeni, tunapanda, Chidi tangulia. Wakageuka. Mpaka leo nikikumbuka migongo ile inageuka mmoja mmoja nasikia faraja kifuani. Nikahesabu kimyakimya. Saba. Nikahesabu tena. Saba.

Bakari hakuwepo.

Nilijua yuko wapi. Nilijua kabisa. Amezunguka, ameifuata harufu kwa njia yake, sasa hivi yuko mahali na wale waliokimbia, na kikombe mkononi. Siku tisa. Nilitaka kurudi kumtafuta kila kichaka, lakini ningewaacha saba jirani na pipa lisilo na mwenyewe. Nikachagua saba. Nilipanda nikiwa nalia, sikujificha, na hakuna aliyeniuliza kwa nini.

Nikawakabidhi kwa dereva kwenye gari, nikampigia Afande Pazi. Alikuja kwa bodaboda akiwa bado na kofia ya msibani.

"Msimu wa mabibo unashuka mtoni?" akaanza kabla hajashuka. "Wewe Feli, hata mbuzi wa huku wanajua!"

"Nigombeze baadaye. Nimempoteza mtu."

Akanitazama, akapoa. "Alisema nini mara ya mwisho?"

"Alisema turudi."

"Basi karudi," Pazi akasema. "Wewe ndiye hukurudi."

"Kwenye gari hayupo, afande."

"Alijua gari liko wapi? Leo mmeingia kwa njia nyingine. Huyu atakwenda kwenye njia anayoijua."

Tukapanda ile njia ya siku zote. Sijui magoti yangu yalipanda vipi, sikuyahisi. Juu kabisa, mahali tulipozoea kula viazi, Bakari alikuwa amekaa chini, viganja amevikalia, jasho limemlowesha shati. Alipotuona hakuinuka.

"Shikamoo afande. Samahani, Sista," akasema. "Nimewasumbua."

Nikakaa chini kando yake. Nikamuuliza kwa nini hakuniambia pale kuna gongo.

"Ningeitaja jina, Sista, wote tungekwenda. Mimi wa kwanza. Ile kitu ukiitaja tu imeshafika mdomoni." Akavuta pumzi. "Nilidhani nikisema turudi, utaelewa."

Sikuwa nimeelewa. Nilikuwa na miaka zaidi ya thelathini ya kazi, na mtu mmoja mwenye akili timamu kuliko wote pale alinieleza jambo la kweli kwa neno moja, nikaliita uvivu. Nikamwomba msamaha, mbele ya Pazi, kwa maneno yaliyo wazi. Bakari aliona haya kuliko mimi. Akasema basi, yameisha, kuna kiazi? Nikampa viwili. Nilihisi mzigo wa gunia umeshuka mgongoni. Nilimtazama mtu akila kiazi baridi, nikamshukuru Mungu.

Kwa hiyo mwongozo alioomba binti yule una kanuni moja iliyo yangu mwenyewe, nyingine zote ni za Pazi. Kwenye safari zetu mtu yeyote akisema turudi, tunarudi, wote, papo hapo, na hakuna ruhusa ya kuuliza kwa nini. Usimuulize njiani, usimuulize kwenye gari. Kuna waliolitumia neno hilo kwa uvivu wa kweli, najua, Chidi mwenyewe alilitumia siku ya mechi. Tukarudi. Heri kurudi mara kumi bure.

Siku ya ndoa nilialikwa Mlandizi. Nilikaa chumba cha ndani pamoja na wanawake, karibu na Mwanahawa, ambaye nilikuwa namwona kwa mara ya kwanza. Msichana mwembamba, hina mpaka viwikoni, macho yanatazama mlango. Nje tulisikia wanaume wakinong'ona. Shangazi mmoja akasema kwa sauti ambayo haikuwa ya kunong'ona kwamba Shabani naye amevaa kanzu mpya, kwa tahadhari.

Desturi ni kwamba kabla ya kufungisha ndoa, wali huingia na mashahidi kumwomba bibi harusi idhini. Mlango ukafunguliwa. Akaingia Bakari, kanzu nyeupe, kofia ya mkono, mashahidi wawili nyuma yake. Shabani alibaki mlangoni.  Bakari akapiga magoti kwenye mkeka mbele ya mwanawe.

"Mwanahawa, mwanangu," akasema, "unanipa idhini nikuozeshe?"

Mwanahawa hakujibu. Wanawake wakaanza kusema ni haya, mabinti ndivyo walivyo. Alimpungia baba kwa kidole, asogee. Bakari akasogea. Akampungia tena. Alisogea mpaka nyuso zao zikakaribiana kabisa, shangazi wakadhani anataka kumnong'oneza. Mimi nilikuwa karibu, niliona. Msichana alifumba macho, akavuta pumzi ndefu kwa pua, kutoka mdomoni mwa baba yake. Alifanya haraka, kwa ustadi wa mtu aliyefanya hivyo kila jioni tangu utotoni.

Bakari alijua anafanywa nini. Hakurudi nyuma. Alifungua mdomo kidogo zaidi, akapumua taratibu ili mtoto apate kuhakikisha.

Mwanahawa akafumbua macho, machozi yanamtiririka, wanja unaharibika.

"Niozeshe, baba," akasema.